Papa Alikuwa Anafanya Nini Ndani?

Naftali aliipenda sana ile sehemu ya theluji. Theluji yenyewe hakuwahi kuiona maishani mwake, ila ile inayoganda ndani ya friza la bosi. Lakini akianza kusimulia jinsi mfalme wa Ujerumani alivyosimama pekupeku nje ya ngome ya Kanosa, siku tatu, akimngoja Papa Gregori wa Saba amfungulie mlango, ungedhani ni yeye Naftali aliyekuwa zamu getini wiki hiyo.

"Alisimama!" angesema, kidole juu. "Mfalme mzima! Bila viatu! Kwa sababu alimkosea baba, na ukimkosea baba unasimama nje mpaka baba mwenyewe aseme halas, yatosha, ingia."

Wenzake walimwacha amalize. Wote walijua kuwa hapo hazungumzii Ulaya.

Wenzake hao walikuwa wanajumuiya. Huko Kenya kila Mkatoliki ana jumuiya yake ndogo, nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kwa zamu, na kila jumuiya ina mtakatifu wake msimamizi. Ukihamia mtaa mpya unaulizia jumuiya kabla hujaulizia duka la unga. Sasa hawa walikuwa wamehamia Saudia. Walikuwa madereva, walinzi na akina dada wa kazi za nyumbani, wengine Riyadh, wengine Jeddah. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wale wa Riyadh waliopata ruhusa walikutana chumbani kwa Naftali, chumba cha dereva kilichojengwa kando ya geti la bosi wake mtaani Al-Suwaidi, na wale wa Jeddah walisikiliza kwa simu. Simu ilikaa ndani ya bakuli tupu la bati ili sauti ipande. Waliimba midomo imefumbwa nusu, wimbo usivuke ukuta, kwa kuwa nchi ile hairuhusu kanisa, na makofi walipiga kwa vidole viwili tu juu ya kiganja. Mtu mpya alipopokelewa alipigiwa makofi hayo, matatu, basi, amekuwa ndugu. Ni makofi ambayo mtu wa chumba cha pili hawezi kuyasikia, lakini wapo watu wazima waliolia kwa kupigiwa.

Mtakatifu wao alipendekezwa na Lewis, mlinzi wa jengo la ofisi, aliyekaa seminari miaka mingi kabla ya kutoka kwa sababu ambazo hakuna aliyemuuliza mara mbili. Siku ya kuchagua msimamizi watu walitaja majina makubwa makubwa yanayojulikana. Lewis akasema, kuna Papa mmoja wa zamani, karibu miaka elfu iliyopita, alifia ugenini. Alifukuzwa mjini kwake, akafia Salerno, kusini mwa Italia, na inasemekana maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba amependa haki na kuchukia uovu, na ndiyo maana anafia uhamishoni.

Kisha Naftali, ambaye alikuwa mwenyekiti, akasema, "Huyo ni wetu." Wakampitisha.

Sasa, habari ya Fridah.

Fridah ni binti wa kwanza wa Naftali. Alipewa jina la mama mzazi wa Naftali, na kwao Shinyalu, mtoto mwenye jina la mama yako unamwita mama. Tangu anyonye ilikuwa nadra kumwita vingine. Mama amelala? Mama amekula? Siku alipomwita Fridah, mtoto alijua kuna kesi. Naftali alikuja Saudia binti akiwa sekondari, na aliondoka na ahadi moja: siku utakapovaa sare ya uuguzi, mimi nafunga sanduku narudi. Binti akaingia chuo cha uuguzi. Kila mwanajumuiya alishaonyeshwa picha yake akiwa na koti jeupe, wengine hata kabla hawajakaribishwa kiti.

Kisha asubuhi moja simu ikalia, namba ya Saudia, na sauti ikasema, "Baba, ni mimi. Niko Jeddah, airport."

Alikuwa ameacha chuo katikati, akapitia wakala wa Nairobi, akajifunza kupiga pasi kanzu na kusema na'am madam, akapanda ndege. Jerusha mama yake alijua. Naftali ndiye pekee aliyefichwa. Fridah akaeleza haraka haraka, kama mtu anayejua simu itakatwa: "Baba, tukiwa wawili, utarudi nyumbani mapema. Umekaa sana. Mimi nitasoma baadaye."

Naftali hakusikia hivyo. Alisikia kwamba miaka yake yote nyuma ya usukani imetupwa jalalani. Akasema, "Mimi sina binti Jeddah," akakata.

Haya, ni kiburi, wala hatutamtetea. Lakini chini ya kile kiburi kulikuwa na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Katika udereva wake alishawahi kuwabeba wasichana wa kazi waliotoka nyumba mbaya, wamekaa kiti cha nyuma na mfuko mmoja wa plastiki, hawasemi. Aliwajua kwa kunyamaza kwao. Tangu simu ile, kila msichana aliyenyamaza alikuwa na uso wa Fridah. Naftali aliogopa, na kwa kuwa hakujua mwanamume anafanya nini na woga wa namna hiyo, aliuita hasira.

Fridah alituma ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine. Naftali hakuufungua hata mmoja. Wala hakufuta. Jumbe zilikaa tu kwenye simu, zinaongezeka.

"Nyinyi wawili mko nchi moja," Jerusha alimwambia kwa simu kutoka Shinyalu, "na mimi niliye mbali ndiye posta yenu. Leo nimechoka kuwa posta. Mwulize mwenyewe kama amekula."

"Amekula?" Naftali akauliza.

"Si nimesema umwulize mwenyewe!"

Jeddah, mkubwa wa akina dada wa jumuiya alikuwa Truphena, mama wa makamo aliyelea watoto wa bosi wake mpaka wakaota ndevu. Bahati ilivyo, madam wake na madam wa Fridah ni ndugu wa tumbo moja, na familia hizo zikikutana, wafanyakazi wao nao hukutana jikoni. Kwa hiyo ni Truphena aliyeleta ombi Ijumaa moja, sauti ikitoka bakulini.

"Mwenyekiti, kuna msichana huku anaomba kupokelewa kwa jumuiya."

"Anaitwa nani?"

"Wewe unajua anaitwa nani."

Naftali akakohoa. "Tutaangalia."

Tutaangalia ya mwenyekiti ilijulikana. Ilikuwa hapana iliyovaa tai. Truphena aliuliza tena Krismasi, akajibiwa tutaangalia. Akauliza Pasaka. Kwa hiyo Fridah alikaa mwaka mzima nje ya jumuiya ya watu wa kwao, akisali peke yake chumba cha stoo karibu na mashine ya kufulia, kwa sababu mwenye mlango alikuwa baba yake.

*

Mwezi wa tano ni sikukuu ya Mtakatifu Gregori wa Saba, na ni desturi ya jumuiya kwamba Ijumaa ya karibu na siku hiyo, mwanajumuiya mmoja asimulie maisha ya msimamizi. Mwaka huu zamu ilimwangukia mwenyekiti. Naftali alijiandaa kama mtu anayeenda kuoa. Alinyoa, akanyoosha shati, akapika chai ya tangawizi sufuria nzima. Jeddah nako, madam wa Truphena alikuwa amealikwa kwa dada yake, chakula kimeshaliwa, wakubwa wamelala. Jikoni Truphena alichomeka waya wa masikioni, sikio moja akaweka kwake. La pili hatukuambiwa aliweka wapi.

Naftali alianza vizuri. Akasema huyu Papa jina lake la nyumbani lilikuwa Hildebrandi, mtu wa Toskana, na wengi wanasimulia kwamba baba yake alikuwa fundi wa kawaida tu. Alikuwa mtawa. Hakuomba upapa: siku ya mazishi ya Papa aliyemtangulia, watu wa Roma walipiga kelele, Hildebrandi awe askofu wetu, wakambeba juu juu.

"Sasa shida ya wakati huo," akasema, "ni nani anamweka askofu. Mfalme anamwita rafiki yake, anampa fimbo na pete, haya, kuanzia leo wewe ni askofu. Gregori akasema hapana. Kanisa si shamba la mfalme. Mfalme Henriko, kijana mwenye damu moto, akamwambia, shuka kwenye hicho kiti, wewe si Papa. Gregori naye akamtenga na Kanisa, na akawaambia raia wote, kiapo mlichomwapia huyu nimekifungua."

"Ikawaje?" akauliza Elphas, dereva wa lori la maji, ingawa alishaisikia.

"Kwa lugha ya hapa, ni kama kafili, bosi mwenye viza yako, amefuta ikama ya mfalme, kibali chote cha kukaa nchini. Mfalme mafi karatasi, hana hata moja! Wakubwa wake wakamgeuka, wakamwambia mwaka ukiisha hujasamehewa, kiti utakiona kwa mbali. Ikabidi apande milima katikati ya baridi, na mkewe, na mtoto wao mdogo, amfuate Papa."

Watu walicheka kwa viganja mdomoni. Naftali akajua amewashika. Akaingia kwenye theluji yake. Akaisimulia kuliko siku zote: ile ngome ya mama mmoja tajiri aitwaye Matilda, zile kuta tatu, mfalme amevua viatu, amevaa sufu tu, vidole vya miguu vimekuwa vyeusi. Hivyo vidole vyeusi aliviongeza mwenyewe. Siku ya kwanza, mlango haujafunguliwa. Siku ya pili, haujafunguliwa. Kidole chake kilikuwa kimeshapanda hewani tayari kwa siku ya tatu, sauti ilipotoka bakulini.

"Mwenyekiti, samahani. Kuna swali huku," akasema Truphena.

"Uliza."

"Kuna mtu anauliza, hizo siku tatu, Papa alikuwa anafanya nini ndani?"

Kidole cha Naftali kikabaki hewani.

Zamani, kabla ya Saudia, alikuwa akiendesha trekta la kubeba miwa, na jioni za Jumamosi alirudi nyumbani akamkuta binti yake mdogo anamngoja na kigoda chake. Alimsimulia hadithi. Sungura kaingia shambani, sungura anakula karanga, sungura anacheka. Mtoto hakucheka. Aliuliza, "Na mwenye shamba alikuwa anafanya nini?" Fisi kanaswa mtegoni, analia usiku kucha. "Na bibi yake fisi alikuwa anafanya nini?" Kila mara aliuliza habari za yule ambaye hadithi imemwacha nyumbani. Jerusha alikuwa akisema huyu mtoto atawaua wasimuliaji. Dunia nzima Naftali hakuwahi kukutana na mtu mwingine anayeuliza hivyo.

Sasa kwenye bakuli la bati alisikia mtu anavuta pumzi na kuizuia. Hakuwa Truphena.

Angeweza kukata simu. Kwa kukata simu tulishamwona. Lakini chumba kizima kilikuwa kinamtazama, chai inapoa, na moyo wake ulikuwa unapiga kwa namna aliyoionea aibu.

"Alikuwa anasali," akajibu.

Lewis akajikuna kidevu. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kumsahihisha mtu mbele za watu, na ilionekana kwamba alitamani swali hilo lisingeulizwa siku yake ya mapumziko. "Pengine alisali, mwenyekiti. Lakini Papa mwenyewe alikuja kueleza baadaye, hakuficha. Alisema wale waliokuwa ndani pamoja naye walikuwa wanalia, wanamwombea yule wa nje. Walishangaa moyo wake ulivyo mgumu. Wengine wakamwambia wazi, huu si ukali wa mtume tena, ni ukatili."

"Na yeye?" Sauti haikusubiri kupitishwa na Truphena. Ilikuwa sauti ya msichana, na ilikuwa imekauka.

Lewis alimwangalia Naftali kwanza, kisha akaliambia bakuli. "Yeye alikaa ndani. Mwishowe wakamshinda kwa machozi, akafungua."

Naftali alimaliza hadithi kwa haraka, kama dereva aliyeona taa nyekundu mbele na anataka tu kufika. Amani haikudumu. Papa akamtenga mfalme mara ya pili, mfalme akamweka papa wake mwingine, akaizingira Roma, akaingia. Gregori akajifungia ngomeni. Rafiki zake Wanormani, wapiganaji wa huko kusini, wakaja kumwokoa, wakamwokoa kweli, lakini waliichoma Roma na kuipora, na watu walewale waliombeba juu juu wakamgeukia kwa uchungu. Ikabidi aondoke na waliomwokoa. Salerno. Akafia huko. Mwisho.

"Alipokaribia kufa aliwasamehe wote aliowafungia," Lewis akaongeza, taratibu. "Isipokuwa wachache. Huyo mfalme hakumfungulia, wala yule papa wa pili, mpaka watubu kwanza."

"Kumbe alikufa amebakiza watu," akasema Truphena.

"Alibakiza."

"Lakini ni mtakatifu," akasema Naftali. Sauti ilimtoka ndogo.

"Ni mtakatifu kabisa, mwenyekiti, nani amekataa," Truphena akajibu. "Mimi nimesema tu amebakiza watu."

Waliimba wimbo wa kufunga. Sauti ya chini, ambayo ni ya Naftali, leo aliishika Elphas.

Walipokwisha kuondoka, Naftali alikaa kitandani na simu mkononi. Akapanda juu, juu, juu kwenye zile jumbe, hadi wa kwanza kabisa, akaubonyeza. Ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani.

"Baba, nimefika nyumba yenyewe. Ni nyumba nzuri. Watoto ni watatu, wananipenda, huyu mdogo ashanilalia. Chumba kina kufuli, funguo ninayo mimi. Usiogope."

Usiogope! Mwaka mzima neno hilo lilikuwa limekaa mfukoni mwake, halijafunguliwa. Binti alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba ile haikuwa hasira. Naftali alijifunika uso kwa taulo akalia hadi jirani yake wa ukutani, mpishi Mhindi, akagonga kuuliza kama kuna mtu amefariki.

*

Mtasema, si apige simu basi? Alijaribu. Alirekodi ujumbe, akasikia sauti yake inavyojikweza, akafuta. Akarekodi tena, akafuta. Kwa simu ndiko alikosema maneno yale, na aliona haya kuyarudisha kwa njia ileile, akiwa amekaa kwenye kiti chake chini ya feni.

Idi Kubwa ikapita. Siku moja bosi akaja uani na kusema kwamba mama yake, Mama Nuf, anataka kwenda Jeddah kumwona dada yake, na ndege anaiogopa, anataka gari. Ni safari ya kutwa nzima, jangwa tupu, na madereva wote wa mtaa huo huanza kuumwa mgongo wakiisikia. Naftali alisema na'am kabla bosi hajamaliza.

Mama Nuf alisafiri kiti cha nyuma na birika lake la kahawa, tende, na mito mitatu. Alilala, akaamka, akalala. Walipoanza kuteremka milima ya Taif, ambapo barabara inajipinda na masikio yanaziba, aliamka na kutaka mazungumzo ili asitazame chini bondeni.

"Naftali, wewe una watoto?" akamwuliza kwa Kiarabu chepesi anachotumia kwa dereva.

"Ninao, mama."

"Wavulana?"

"Wavulana wawili wako Kenya." Akapita kona moja, ya pili. "Na binti. Nina binti Jeddah."

"Jeddah!" Mama Nuf akaketi wima. "Binti yako yuko Jeddah na wewe mwaka mzima unanipeleka sokoni Al-Dirah kununua ubani? Humwoni?"

Naftali hakuwa na Kiarabu cha kueleza, na hata Kiswahili chake kisingetosha. Akasema, "Kosa langu, mama." Bibi alimtazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akampitishia tende kwa juu ya bega, akamwambia kwamba kila siku baada ya swala ya alasiri gari halina kazi, na dereva pia hana kazi.

Truphena alimtumia ramani ya nyumba ya madam wa Fridah, na chini yake neno moja: HATIMAYE.

Lakini kuna jambo ambalo ramani haisemi. Mwanamume mgeni habonyezi kengele ya nyumba ya watu kumuulizia msichana wa kazi. Anaweza kumharibia kazi, hata akiwa baba yake, maana nani atamjua kuwa ni baba? Naftali alilijua hilo kama anavyojua breki na klachi. Alijua pia kwamba kila nyumba hutoa takataka baada ya alasiri, na kwamba anayezitoa ni dada wa kazi, hadi kwenye lile pipa kubwa la chuma la mtaa. Kwa hiyo alikwenda kusimama karibu na pipa.

Joto la Riyadh ni kavu, linakuchoma likakuacha. La Jeddah linakukumbatia, na Naftali alilowa shati kabla hajamaliza kuegesha. Pipa lilinuka maganda ya kamba wa baharini na nepi. Kivuli kilikuwa upande wa pili wa barabara, lakini upande ule huwezi kuliona geti, kwa hiyo alibaki juani. Goti lake la kushoto, lililoharibika zamani za trekta, lilianza kudai. Akabadilisha mguu. Mfagia barabara, Mbangladeshi, akampa maji na kumwuliza kama gari limeharibika. Geti likafunguka, Naftali akajinyoosha shati, lakini aliyetoka ni mtunza bustani na mifuko miwili, akaitupa, akarudi ndani. Juu, kwenye dirisha dogo la pembeni, pazia likatikisika. Halikufunguka. Jua lilipozama alikwenda zake.

Siku ya pili alirudi. Mfalme Henriko alisimama siku tatu, lakini mfalme alikuwa kijana, na goti lake lilikuwa zima. Naftali alikuwa amepanga maneno tangu Taif, yamekaa sawasawa, yana mwanzo na mwisho. Alikuwa anayarudia kwa mara nyingine, ameegemea pipa kwa mkono mmoja, wakati geti lilipofunguka.

Akatoka msichana mwenye abaya nyeusi na mtandio, mfuko wa takataka mkono mmoja, chupa ya maji mkono wa pili. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Alitembea kama mama mzazi wa Naftali, kisigino kwanza, na hilo Naftali hakulitegemea.

Akasimama hatua chache mbele yake.

"Baba."

"Mama," akasema Naftali. Na maneno yote aliyoyapanga yakatawanyika. Likabaki moja tu. "Jana... ulikuwa unafanya nini ndani?"

Fridah akaangalia chini. "Nilikuwa kwa dirisha la stoo, nakuona. Nilikuwa na hasira, baba. Nilisema wacha asimame. Si hata mimi nimesimama mwaka mzima? Nikamwambia mtunza bustani apeleke takataka. Halafu leo nikaona vile unabadilisha mguu. Lile goti." Akapangusa uso kwa mkono wenye chupa. "Nikaanza kulia, nikaunguza kanzu ya bosi na pasi."

"Umeiunguza?"

"Hapa chini kidogo tu. Madam akauliza nini mbaya, nikamwambia, baba yangu yuko nje. Akaniambia, tangu lini, mbona uko hapa bado, yalla, haraka, mpelekee maji." Akaelekeza kidevu nyuma. "Ndiye huyo anachungulia."

Kweli, pazia lilikuwa limefunguliwa, na mwanamke alikuwa amesimama hapo na mtoto kiunoni. Naftali akaweka mkono kifuani kumsalimu. Akapokea maji, akanywa, mengine yakamwagikia kidevuni.

"Na wewe je?" Fridah akauliza. Alikuwa amemkazia macho sasa, macho yaleyale ya kigodani. "Mwaka mzima, baba. Nikituma, nikituma. Wewe ulikuwa unafanya nini ndani?"

Gari likapita, likaacha vumbi. Naftali angeweza kusema alikuwa anasali.

"Nilikuwa naogopa, mama," akasema. "Niliogopa sana. Na wewe ulikuwa umeniambia nisiogope, na mimi sikufungua."

Fridah akaziba mdomo kwa mtandio.

Mtaa ulikuwa na watu, na si mahali ambapo mwanamume hukumbatia msichana kando ya barabara. Naftali alitafuta la kufanya na mikono yake. Kisha akaipachika ile chupa kwapani, akainua kiganja cha kushoto mbele ya kifua, na kwa vidole viwili vya mkono wa kulia akapiga makofi ya kumpokea. Moja. Mbili. Tatu. Mfagia barabara aliyekuwa hatua kumi tu kutoka pale hakusikia kitu.

Fridah aliyasikia. Akaweka mfuko wa takataka chini.